Si Kila Homa ni Malaria

Wengi wetu tukishikwa na homa na kutetemeka hukimbilia dawa ya malaria. Lakini pengine figo ndizo zinazougua.

Sisi wanawake mrija wetu wa kutolea mkojo ni mfupi, sentimita 4 hivi, nao uko karibu na njia ya haja kubwa. Hivyo vijidudu hupenya upesi, hasa tukijisafisha kutoka nyuma kuja mbele, au baada ya tendo la ndoa. Tukibana mkojo muda mrefu sokoni au safarini, huzaliana kibofuni. Mimba, kisukari na mawe ya figo huongeza hatari.

Kibofu kikishambuliwa, mkojo huchoma, hutoka kidogo kidogo mara kwa mara, na huweza kuwa na harufu kali au damu. Vijidudu vikipanda kwenye figo huleta homa, kutapika na maumivu ya ubavuni. Hapo tusingoje kesho, maana vikiingia katika damu vinaweza kuua.

Mjamzito anaweza kuwa navyo bila dalili yoyote, kisha akajifungua kabla ya wakati. Basi tusikose kupimwa mkojo kliniki.

Tena, maradhi haya si ya zinaa. Yasivunje nyumba wala kutufanya tuone haya kumweleza mganga. Tupimwe malaria na mkojo pia. Tukipewa dawa, tumalize dozi hata kama maumivu yamekwisha.