UCHAMBUZI: Halaiki inapendeza, lakini mwanafunzi anaondoka na historia gani?

Sherehe za kitaifa Tanzania bila halaiki ni kama harusi bila ngoma. Wanafunzi wanajaa uwanjani na sare za rangi za bendera, wanajipanga kuwa herufi, mara ramani ya nchi. Jukwaani makofi, simu zote juu.

Inapendeza, hakuna ubishi. Lakini mtoto aliyesimama pale kama sehemu ya herufi "U" ya Uhuru, anarudi nyumbani akijua nini zaidi?

Kwa nini tuulize sasa?

Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jina tu linaonyesha lengo: historia imjenge mzalendo. Na mwalimu akitaka kuonyesha uzalendo, njia ya haraka ni kuwapandisha watoto jukwaani. Sasa kazi ni moja: wanaigiza nini?

Mfano: Vita vya Maji Maji

Igizo la kawaida unalijua. Mashujaa wanakunywa maji, bunduki zinalia, wanaanguka, wimbo wa taifa unaimbwa. Dakika kumi, imeisha.

Yanayoachwa ndiyo mazito. Si jamii zote zilizoingia vita vile vya 1905 hadi 1907. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika wenzetu. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 hadi 300,000.

Je, kuyasema haya kunavunja uzalendo? Ebrahim Hussein alishajibu. Katika tamthilia yake ya *Kinjeketile* ya 1969, shujaa mwenyewe anayatilia shaka maji. Ila mwisho anagoma kuyakana mbele ya Wajerumani, maana anajua watalitumia neno lake kuua harakati. Hapo darasa linaweza kubishana wiki nzima, na hakuna atakayetoka akiipenda nchi kidogo.

Si suala la kufuta sherehe

Kuhoji faida ya sherehe si utovu wa heshima. Mwaka 2022 Rais Samia aliahirisha shamrashamra za Uhuru, na Sh960 milioni zikaelekezwa kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Maonyesho yanaweza kubaki, ila yabadilike. Wanafunzi waandike igizo wenyewe. Wa Songea, kwa mfano, wana Makumbusho ya Maji Maji mjini kwao, na wazee wa kuwauliza. Mazoezi yasile vipindi. Na pazia likifungwa, kuwe na nusu saa ya maswali, hata yale yanayomkosesha mgeni rasmi raha.

Kujipanga mstari mtoto anafundishwa kwa wiki mbili. Kujua kwa nini babu zake walikataa kujipanga mbele ya mkoloni kunahitaji muda zaidi, na huo ndio uzalendo wenyewe.