Vali Kuukuu: Chagua kwa Sikio, Si kwa Jina

Tuseme mjomba wako amekuachia kikuza sauti cha gitaa cha zamani, kile kizito kama gunia la sukari, ambacho ukichungulia kwa nyuma unaona vichupa vya kioo viking'aa rangi ya chungwa. Umeombwa ukifikishe Masalani, huko Ijara katika Kaunti ya Garissa, kwenye arusi ya binamu yako. Siku chache kabla ya safari chombo kinaanza kutokota kama mafuta ya maandazi. Rafiki mmoja anakushauri: "Tafuta vali za kale, zile zenyewe!" Je, utoe pesa?

Ngoja kwanza. Vichupa hivyo ndivyo vali, na kabla ya transista kuenea ndivyo vilivyokuwa moyo wa kila redio. Vali kubwa husukuma spika. Vile vidogo vyenye miguu tisa hupokea sauti hafifu ya gitaa na kuikuza hatua kwa hatua. Hapo ndipo ilipo siri: ile ya kwanza, iliyo karibu na tundu la waya wa gitaa, hukuziwa kila kitu na zile zinazoifuata, pamoja na mikwaruzo yake. Kwa hiyo vali moja mbovu mlangoni yaweza kuharibu nyumba nzima.

Basi mtafute mhalifu kabla ya kufungua mkoba. Punguza sauti mpaka mwisho. Kelele ikizimika, kasoro i kabla ya kitufe hicho, na vali ya kwanza ndiyo mshukiwa mkuu. Ikiendelea vile vile, tatizo liko mbele zaidi. Kisha gonga kila vali ndogo polepole kwa penseli ya mbao. Kutoa "tik" hafifu si ajabu, lakini ile inayolia kama kengele kwenye spika imelegea ndani. Tena, kama kuna vali mbili za namba moja, zibadilishane nafasi. Kelele ikihama nayo, umemkamata bila kutoa hata shilingi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Vali ya kawaida hapa huitwa ECC83 na watu wa Ulaya, na 12AX7 na Wamarekani, lakini ni kitu kimoja. Nguvu yake ya kukuza hukadiriwa kuwa 100. Ndugu zake wana miguu ile ile lakini nguvu tofauti: 5751 ina 70, ECC81 ina 60, 12AY7 ina kama 45, na ECC82 haifiki hata 20. Ukitaka gitaa likwaruze mapema, kaa na ECC83. Ukitaka sauti safi isiyopasuka, jaribu 5751 au 12AY7 katika nafasi ya kwanza.

Usidhani hilo ni jambo dogo. Mnamo 1962 duka la Jim Marshall mjini London lilitengeneza kikuza sauti cha JTM45 kwa kuiga Fender Bassman ya Marekani. Bassman ile ilikuwa na 12AY7 mlangoni, nao Waingereza wakaweka ECC83. Tofauti nyingine zilikuwapo, lakini hiyo ilichangia ile sauti kali iliyokuja kujulikana dunia nzima.

Na hizo vali za kale? Mullard za Blackburn, Uingereza, na Telefunken za Ujerumani zilikuwa nzuri kweli kweli. Viwanda hivyo haviziundi tena, na ndiyo maana bei imepanda mpaka mawinguni. Vali haichakai kwa kukaa rafuni, huchakaa kwa kazi. Iliyong'olewa kwenye redio mbovu yaweza kupakwa rangi upya ikauzwa kama bikira. Wahenga walinena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena jina lililochapwa juu ya kioo si ushahidi, kwa kuwa hata jina la Mullard limekuja kuwekwa kwenye vali mpya zilizoundwa Saratov, Urusi. Tazama alama zenyewe: Mullard ya Blackburn huwa na herufi B mwanzoni mwa msimbo uliochorwa kwenye kioo karibu na miguu, na Telefunken nyingi zina umbo la almasi chini, katikati ya miguu. Na ukiona lile doa la fedha la kileleni limegeuka jeupe, hewa imeingia. Hiyo imekufa, usiinunue hata kwa bei ya karanga.

Kubadilisha si kazi ngumu, ila sikiliza vizuri. Zima, chomoa waya ukutani, subiri vali zipoe. Zikiwa na kifuniko cha bati, kisukume chini, kizungushe, kitoke. Shika vali kwa kitambaa kikavu, itikise kidogo huku ukiivuta juu. Unapoweka mpya, linganisha ile nafasi iliyo wazi kati ya miguu, usilazimishe. Vali ndogo kwa kawaida hazihitaji kurekebishiwa umeme. Zile kubwa mara nyingi huhitaji, mwachie fundi. La muhimu kuliko yote: usifungue bati la ndani. Kapasita zilizomo huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya, na volti hizo huua.

Huko Ijara kuna mtihani mwingine, nao ni jenereta. Sisi hutumia volti 240. Jenereta ikipandisha mno, uzi unaopasha vali moto huungua upesi. Ikishusha mno, sauti huwa dhaifu. Pima kwa mita kabla ya kuwasha, na ukiweza weka kidhibiti cha volti. Chombo cha Marekani cha volti 120 kisichomekwe bila transfoma. Kiache nafasi ya kupumua, kwani joto la huko si mchezo, na ukiwa safarini kifunge dhidi ya vumbi.

Mwisho, beba akiba. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya kuingia Garissa, hata chakula kilikwama, seuze kichupa cha kioo. Basi jibu langu ni hili: acha jina kubwa, nunua ECC83 mbili mpya zilizopimwa. Moja itie mlangoni, nyingine ifunge ndani ya soksi nene uiweke mkobani. Bibi arusi hatauliza vali ilitoka Blackburn au Saratov. Atakachotaka ni muziki usikatike.