Maneno na Asili Yake: KAKI

Juma hili neno letu ni fupi, nalo li midomoni mwa kila mtu hapa Rodi Kopany, tangu mwanafunzi anayejalidi madaftari yake hata Chifu aliyevaa sare barazani. Neno lenyewe ni kaki.

Nimelichagua kwa sababu ya jambo nililoliona ofisini. Mzee mmoja alisimama mstarini, bahasha ya kaki mkononi. Kijana aliyekuwa nyuma yake akasema kwa sauti, "Mzee amekuja na kaki, leo atahudumiwa upesi!" Watu wakaangua kicheko. Mzee akaificha bahasha ndani ya koti, akatoka nje kichwa chini. Nilimfuata nikamwuliza, "Baba, shida yako ni ipi?" Akaifungua bahasha. Mlikuwamo karatasi za shamba la marehemu babake, wala hamkuwamo hata senti moja.

Wengi hudhani kwamba kaki ni neno la Kiingereza. Kweli, Waingereza walilitumia na kulieneza, lakini si wao waliolizaa. Katika Kiajemi, khak maana yake ni vumbi au udongo. Neno hilo likaingia katika Kiurdu, lugha ya Bara Hindi, na huko khaki ikawa na maana ya kitu chenye rangi ya vumbi.

Mwaka 1846 mwofisa Mwingereza, Harry Lumsden, aliunda kikosi cha askari huko Peshawar, mji ambao leo umo katika nchi ya Pakistan. Zamani hizo askari wengi wa Kiingereza walivaa makoti mekundu, na adui aliweza kuwaona toka mbali. Lumsden aliwavika watu wake nguo za rangi ya vumbi la nchi ile, ili wasionekane upesi. Wengine wakaiga, hata katika vita vya Makaburu, vya mwaka 1899 hata 1902, askari wa Kiingereza walivaa kaki.

Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, kiliundwa mwaka 1902, na askari wake nao wakavaa kaki. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Nyanza walikuwamo miongoni mwa waliopelekwa Burma. Waliorudi walirudi na nguo hiyo, na jina lake likazoeleka vijijini.

Basi tazameni jinsi neno linavyosafiri. Kwanza lilikuwa vumbi, kisha likawa rangi, kisha likawa nguo. Baadaye karatasi ngumu ya rangi ile nayo ikaitwa kaki, na bahasha iliyotengenezwa kwa karatasi hiyo ikaitwa vivyo hivyo. Mwisho, kwa sababu wako watu waliotia hongo ndani ya bahasha, na wako waliozipokea, bahasha yenyewe ikapata jina baya.

Yafaa tuseme kweli, sisi makarani. Doa hilo halikutoka Uajemi wala Bara Hindi. Lilitiwa mezani petu, na sisi ndio tunaopaswa kulifuta. Siku ambayo mwananchi atahudumiwa kwa zamu yake pasipo kutoa kitu, bahasha ya kaki itarudia kuwa bahasha tu, na hapana mzee atakayeona haya kuichukua.

Jambo moja zaidi la kukumbuka. Neno serikali nalo asili yake ni Kiajemi: sar ni kichwa, na kar ni kazi. Kaki na serikali, basi, ni ndugu wa nchi moja: mmoja ni msimamizi wa kazi, na mwingine ni vumbi, lile ambalo Wajaluo huliita buru, linalomshika kila mkulima miguuni. Msimamizi asiyemheshimu mtu wa vumbi amesahau ndugu yake. Mwungwana ni kitendo.

Yule mzee nilimrudisha mstarini, mahali pake pa kwanza. Kijana aliyemcheka alisogea, akamwambia, "Nisamehe, baba." Karatasi zake zilipokelewa siku ile ile.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutalitazama neno suruali.