Mtoto Anakuongelesha, Wewe Uko Kwa Simu

Wasee, kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Huyo ni mtoto tu, bado hajui kuongea."

Kawaida inasemwa na mtu amembeba mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto amenyoosha kidole mpaka mkono unatetemeka, anaonyesha paka juu ya mabati. "Eh! Eh!" Anamwangalia mtu wake, anarudisha macho kwa paka, anamwangalia tena. Mtu wake anaskroli. Sasa niambie, hapo asiyejua kuongea ni nani?

Mimi nasema huyo mtoto ashaanza kuongea. Kilichobaki ni maneno tu.

Na sio maneno yangu ya mtaani. Mwaka 2002, Teresa Farroni na wenzake waliwaonyesha watoto wa siku 2 hadi 5 picha mbili za uso. Mmoja unamtazama mtoto, mwingine umeangalia kando. Watoto walikaa zaidi na ule unaowatazama. Siku mbili duniani, kitovu hakijakauka, na tayari anajua nani anamwangalia! Kabla ya hapo, 1975, Scaife na Bruner walikuwa wameonyesha kwamba mtoto ambaye hajafika mwaka hugeuza kichwa kufuata pale mtu mzima anapoangalia. Kumaanisha ukiwa umeinamia simu, anaona. Anajua kabisa macho yako hayako kwake.

Halafu kidole kinakuja. Wengi huanza kuonyesha karibu na kufikisha mwaka mmoja. Usidhani kila kidole ni "nipe." Kuna "nipe ile," na kuna "cheki ile!" Hii ya pili ndiyo kubwa. Mtoto hataki umletee paka. Anataka muone paka pamoja.

Ulf Liszkowski na wenzake walijaribu hili kwa watoto wa mwaka mmoja, wakachapisha 2004. Mtoto akionyesha kitu, kuna waliotazamwa wao tu na kuchangamkiwa. Wengine, mtu mzima alitazama kitu tu. Wengine hawakujibiwa kabisa. Kundi la mwisho, mtu mzima alitazama kitu, akamtazama mtoto, akaongea naye juu ya kile kitu. Ni hawa wa mwisho walioridhika, na ndio waliozidi kuonyesha kadiri zoezi lilivyoendelea. Soma hapo tena. Hata kumchekea bila kuangalia anachokuonyesha haikutosha! Na ile "ehee" yako bila kuinua kichwa je?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini cha mtoto kinaanzisha lugha. Iverson na Goldin-Meadow, 2005, waliona kwamba vitu vingi ambavyo watoto walitaja kwanza kwa ishara ndivyo baadaye vilikuja kuwa maneno yao. Na wale waliotangulia kuchanganya kidole na neno, kama kuonyesha kikombe na kusema "mama," ndio waliotangulia kuunganisha maneno mawili. Kila kidole ni swali: hii inaitwaje? Usipojibu, nani atajibu?

Najua utaniambia, "Simu inajibu. Namwekea katuni za Kizungu, anajifunza." Hapana. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa Marekani wa miezi 9, wakawapa vipindi 12 vya Kimandarini. Waliokaa na mtu halisi, akiwasomea na kucheza nao, walizishika sauti za lugha hiyo. Waliowekewa video hawakushika. Skrini haiwezi kugeuka ione paka wako. Ndio maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema kabla ya miaka 2 mtoto asikalishwe mbele ya skrini. Zamani tuliambiwa mtoto akililia wembe mpe. Siku hizi anatuonyesha paka, tunampa simu.

Wengine watasema ni rahisi kwangu, sina mtoto, wakati kuna mama anafua nguo za watu kutoka asubuhi mpaka jioni. Huyo mama simgusi, na msitumie jasho lake kujificha. Naongea na wewe kaka mtu, shangazi mtu, baba mtu, wewe unashikishwa mtoto jioni na bado kidole gumba chako hakitulii. Hakuna mtu ameomba masaa matano. Ni sekunde tatu: "Eeh, paka! Amepanda juu!" Mambo ya bei hayako hapo. Hata digrii haihitajiki. Mimi chuo niliacha, lakini shingo inageuka vizuri tu. Na sisi Wakenya ndio tunaonyesha njia kwa mdomo! Ukiulizwa steji iko wapi unachomoza midomo, na mtu anafika. Unataka kuniambia huwezi kusoma kidole?

Kitu kingine, na hapa sitaki mchezo. Kama mtoto amefikisha mwaka na nusu na hajawahi kukuonyesha kitu, hafuati macho yako, au hageuki akiitwa, usikubali kutulizwa na "watoto wa kiume huchelewa." Beba kile kijitabu cha kliniki, mpeleke, uliza mpaka masikio yapimwe. Inaweza kuwa hasikii vizuri. Inaweza kuwa anakua kwa njia yake na anahitaji msaada mapema. Hakuna laana hapo, na hakuna aibu. Aibu ni kungoja aanze shule ndio mshtuke.

Mimi nakula kwa skrini, mnajua. Nikikwambia uweke simu chini, najipunguzia unga. Lakini watu wanalia kila siku ati kizazi hiki hakiongei na wazazi, na hawajiulizi mazungumzo yalikatikia wapi. Mengine yalikatika kabla ya neno la kwanza.

Kwa hivyo leo ukishikishwa mtoto, fuata kidole chake. Taja anachokiona. Kisha mtazame machoni. Posti zangu zitakungoja, haziendi mahali.