Risasi shuleni Marekani: wazazi wenye kufiwa wameachiwa kazi ya serikali

Kila mara risasi zinapolia ndani ya shule ya Marekani, hesabu hufika haraka: wanafunzi wangapi wamekufa, walimu wangapi, wangapi wako hospitalini. Kwa siku tatu au nne wanasiasa wanatoa pole, bendera zinashushwa nusu mlingoti, kisha kamera zinaondoka. Jamaa za watoto ndizo zinabaki. Kinachofuata hakitajwi sana katika habari za dunia: wazazi wanatoka kwenye matanga na kuingia mahakamani, Bungeni na katika ofisi za mawakili, ili kufanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuifanya mbele ya mtoto wao kuzikwa.

Mfano ulio wazi zaidi uko Oxford, mji mdogo wa jimbo la Michigan. Tarehe 30 Novemba 2021, mwanafunzi wa miaka 15 aliua wenzake wanne katika shule ya sekondari na kujeruhi watu saba. Bastola aliyoitumia ilinunuliwa na baba yake siku nne mbele ya mauaji. Kesho yake mama alimpeleka kijana mahali pa kujifunzia shabaha. Asubuhi ya tarehe 30, mwalimu aliona kwenye karatasi yake ya hesabu picha ya bastola na ya mtu mwenye kutokwa damu, pamoja na maneno ya kuomba msaada. Wazazi waliitwa. Walikaa dakika chache na wakubwa wa shule, hawakuitaja ile bastola mpya, hawakukubali kumpeleka mtoto nyumbani siku hiyo, wakaenda zao. Hata shuleni hakuna mtu aliyefungua begi lake. Saa mbili hivi baadaye, risasi zikaanza kulia.

Mwaka 2024, mahakama iliwakuta wazazi wote wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, mama mwezi wa pili, baba mwezi wa tatu. Kila mmoja alipewa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Ilikuwa mara ya kwanza Marekani wazazi kuhukumiwa hivyo kwa mauaji ya namna hii yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Kuna waliouliza kama ni haki kumfunga mama kwa kosa la mtoto. Jibu si gumu. Hawakufungwa kwa sababu walimzaa muuaji. Walifungwa kwa sababu walimwachia mtoto mwenye shida njia ya kuifikia bastola, na wakanyamaza siku ambayo neno moja lingetosha. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini ilifika wakati watoto wanne wameshalala kaburini. Na sheria ya Michigan yenye kulazimisha watu kufunga bunduki kwa kufuli pale watoto wanapoweza kuzifikia ilianza kutumika tarehe 13 Februari 2024, zaidi ya miaka miwili baada ya Oxford.

Jambo hili halikuwa siri. Secret Service, idara yenye kumlinda Rais wa Marekani, ilichunguza mashambulizi 41 yaliyotokea shuleni kati ya 2008 na 2017. Kati ya wanafunzi waliotumia bunduki, karibu robo tatu waliitoa nyumbani kwa wazazi wao au kwa ndugu wa karibu. Wengi hawakuinunua kwa magendo wala kuipata kwa majambazi. Ilikuwa kabatini, chini ya kitanda, au katika sanduku ambalo mtoto alijua ufunguo wake unawekwa wapi.

Sandy Hook vilevile. Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule hiyo ya msingi ya jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliua watoto 20 wa miaka 6 na 7, na watu wazima sita. Bunduki ilikuwa ya mama yake, iliyonunuliwa kwa kufuata sheria, na mama huyo ndiye alikuwa wa kwanza kuuawa. Wazazi walikusanyika katika jengo la wazima moto karibu na shule, wakingoja. Watoto wa wengine waliletwa, mmoja baada ya mwingine. Mwishoni ilikuwa ni liwali wa jimbo aliyewaambia waliobaki kwamba hakuna mtoto mwingine atakayekuja.

Miezi minne baadaye, baadhi ya wazazi hao walikuwa Washington, wakiangalia Seneti ikipiga kura juu ya pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki. Maseneta 54 walikubali. Zilihitajika kura 60. Pendekezo likafa.

Kisha likaja jambo gumu kuamini. Mtangazaji Alex Jones aliwaambia wasikilizaji wake kwamba mauaji ya Sandy Hook ni mchezo wa kuigiza na wazazi ni waigizaji wenye kulipwa. Watu waliomwamini walianza kuwatisha wazazi, na kuna jamaa zilizohama nyumba mara kadhaa. Mzazi aliyezika mtoto wa miaka sita alilazimika kusimama mahakamani na kueleza kwamba mtoto huyo aliishi kweli na alikufa kweli. Mwaka 2022 mahakama za Texas na Connecticut ziliamuru Jones alipe zaidi ya dola bilioni 1, naye akakimbilia sheria ya kufilisika. Mwaka uleule, jamaa tisa zilipata dola milioni 73 kutoka kwa kampuni za bima za Remington, watengenezaji wa bunduki ile, baada ya kesi ya zaidi ya miaka saba. Ilichukua muda huo kwa sababu tangu 2005 kuna sheria ya taifa yenye kuwakinga watengenezaji wa silaha na mashtaka mengi. Mtengenezaji wa gari au wa dawa hana kinga ya namna hiyo. Mawakili walipita katika mlango mdogo wa sheria ya matangazo ya biashara.

Wenye kupinga sheria mpya wanasema dawa ni kuongeza askari wenye silaha shuleni. Uvalde, jimbo la Texas, imejibu. Tarehe 24 Mei 2022, kijana wa miaka 18 aliyekuwa amenunua bunduki zake kwa kufuata sheria, siku chache baada ya kufikisha umri huo, aliua watoto 19 na walimu wawili. Polisi na askari wengine 376 walifika. Dakika 77 zilipita mbele ya wao kumkabili na kumuua, huku wazazi wakizuiwa nje, wakiwaomba waingie. Jioni, kuna wazazi walioombwa kutoa sampuli za mate ili watoto wao watambuliwe. Ni hivyo bunduki ya kivita inavyofanya mwili wa mtoto.

Jamaa za Uvalde ziliomba jambo moja kwa jimbo: umri wa kununua bunduki za aina hiyo upandishwe hadi miaka 21. Zilifanya safari nyingi hadi Austin, makao makuu ya Texas. Mwaka 2023 kamati moja ya wabunge ilikubali, lakini pendekezo halikufika hata kwenye kura ya Bunge zima. Mtu asidanganywe kwamba haliwezekani katika jimbo lenye kupenda bunduki. Florida, chini ya liwali wa chama cha Republican, ilipandisha umri huo katika majuma matatu na siku chache tu baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, mwezi Februari 2018.

Haki ya kumiliki silaha iko katika katiba ya Marekani tangu 1791, na mamilioni ya watu wenye bunduki hawajawahi kumdhuru mtu. Hilo ni kweli. Lakini kufuli haimnyang'anyi mtu bunduki yake. Wala hoja si ya shule peke yake: tangu 2020 bunduki ndizo zinaongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wa mwaka 1 hadi 19, na wengi wao hawafi darasani. Wanafia nyumbani na barabarani, wengine kwa kujiua, wengine kwa mchezo wa watoto waliookota bastola ya mkubwa.

Kwa wasomaji wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, hizi si habari za watu wa mbali tu. Katika miaka mingi tangu 2016, Wakongomani wamekuwa kundi kubwa zaidi la wakimbizi waliopokelewa Marekani. Watoto wao wako katika shule za Kentucky, za Texas, za Michigan hiyohiyo. Humo wanafanya mazoezi ambayo karibu shule zote za serikali zinafanya: taa zinazimwa, mlango unafungwa, watoto wanakaa chini kwenye ukuta, kimya. Mzazi aliyekimbia risasi Fizi au Masisi anamkuta mtoto wake akifundishwa kujificha. Mzazi huyo ana haki ya kuuliza. Mtoto anapoalikwa kucheza kwa jirani, kuuliza kama kuna bunduki ndani ya nyumba na kama imefungwa si utovu wa adabu. Madaktari wa watoto wa Marekani wenyewe wanawashauri wazazi kuuliza hivyo.

Mwezi Juni 2022, mwezi mmoja baada ya Uvalde, Rais Joe Biden alitia sahihi sheria kubwa ya kwanza ya taifa juu ya silaha katika karibu miaka 30. Inachunguza zaidi wanunuzi wenye chini ya miaka 21 na kutoa pesa kwa afya ya akili. Haimlazimishi mtu kufunga bunduki nyumbani. Pendekezo la kulazimisha jambo hilo nchi nzima lilipita katika Baraza la Wawakilishi mwezi uleule na kukwama Seneti. Wenye kulisukuma ni wazazi waliompoteza mtoto wa miaka 15 katika nyumba ya jirani.