Tupime maji kwanza, kisha tununue tiyo

Katika koperative zenye tiyo moja ya kumwagilia, kikao cha kiangazi kinajulikana hata kabla hakijaanza. Wenye mashamba ya chini wanasema: "Maji haifikake huku, bale ba juu banaifunga!" Wa juu wanajibu kwamba chemchemi imepunguka. Kisha mtu anapendekeza tununue pompi, na mfuko wa koperative unafunguliwa. Maoni yangu ni haya: hata franga moja isitoke kabla ya kupima. Bila vipimo tunashitakiana bure, na tunanunua dawa ya ugonjwa ambao hatuujui.

Kupima maji inaomba bidoni ya litre 20 na saa ya telefone, basi. Bidoni ikijaa kwa sekunde 20, ni litre 60 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 40, ni litre 30. Funga robine zote za katikati, fungua ile ya mwisho, na upime pale. Kule juu, pima maji ya chemchemi yanayoingia katika tanki, na yale yanayomwagika pembeni wakati tanki imejaa. Tofauti yake njo maji iliyoingia katika tiyo.

Sasa vipimo vitasema. Kama litre 60 zinaingia katika tiyo na 30 zinatoka chini, kuna pahali tiyo inavuja au mtu amejiunga kwa siri: tufuate njia yote. Kama 30 zinaingia, 30 zinatoka, na 30 zingine zinamwagika pale kwenye tanki, hakuna mwizi. Tiyo yenyewe njo inakataa. Na kama 30 zinaingia, 30 zinatoka, na hakuna inayomwagika, basi chemchemi inatoa hiyo tu. Hapo tiyo mpya haitaongeza hata kikombe kimoja, tupange zamu.

Tiyo ikikataa, tupime nguvu ya maji kwa manometre. Kila metre 10 za kushuka zinatoa karibu bar 1. Robine ikiwa imefungwa, metre 20 chini ya tanki mshale unaonyesha karibu bar 2. Ukifungua, mshale unashuka, juu maji yanayotembea yanasuguana na ukuta wa tiyo. Pima pahali mbalimbali maji yakiwa yanapita. Kama kati ya sehemu mbili za karibu, zilizo sawa kwa urefu, mshale unaanguka ghafula, chimba hapo: utakuta udongo, vane iliyofungwa nusu, ao kipande cha tiyo nyembamba. Kwa hiyo, siku ya kujenga tudai tiyo iwekewe pahali pa kufungia manometre.

Wengi tunadhani tiyo yenye upana wa nusu inapitisha nusu ya maji. Hapana. Kwa urefu uleule na mteremko uleule, inapitisha karibu sehemu moja ya sita tu. Katika mirija myembamba sana, ambamo maji yanaenda polepole, inabaki sehemu moja ya kumi na sita. Hiyo ya pili ilipimwa na Poiseuille, munganga wa Ufaransa, miaka ya 1840. Alitaka kujua namna damu inavyopita katika mishipa midogo, akatumia mirija ya kioo. Ni kweli tiyo pana inauzwa bei kali. Basi tuiweke pale mwanzo, maji ya watu wote yanapopita, na ile nyembamba ibaki kwa matawi.

Mimea nayo iko na tiyo zake. Tomati ikinyauka wakati udongo ungali na maji, hapana kuongeza maji tu. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukitundike katika glasi ya maji safi, mwisho wake uguse maji. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni ugonjwa wa bakteria walioziba mishipa ya shina. Kumwagilia mmea huo ni sawa na kufunga pompi kwa tiyo iliyozibwa. Ung'oe, na usipande tomati, viazi ao biringanya pale pale.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya injenyere. Injenyere anajenga, kisha anarudi mjini. Sisi njo tunabaki na kiangazi. Ninaomba kila koperative iwe na kaye moja ya maji. Kila mwezi, mwanachama mmoja wa juu na mmoja wa chini wapime pamoja, waandike, watie sahihi, na isomwe mbele ya mkutano mkuu. Jirani akiisha kushika bidoni pamoja nawe na kuhesabu sekunde zilezile, ni vigumu akuite mwizi tena.