Prokirasyo inayomwacha mzee njiani

Tarehe 2 Septemba 2025, Mahakama ya Kasasyo huko Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kosa la kupora dola milioni 19 za FRIVAO, mfuko wa fidia ya watu waliodhulumiwa na jeshi la Uganda. Kisangani nzima ilimzungumzia waziri. Linaloniudhi mimi ni lile lisilozungumzwa: wanaozingojea fedha hizo wanazeeka, watoto wao wanahangaikia prokirasyo, yaani hati ya uwakala, ili wawapokelee, na sheria yetu inaikata prokirasyo hiyo pale pale mzazi anapoihitaji kuliko wakati wowote. Sheria hiyo ibadilishwe.

Vita vya Siku Sita vya Kisangani vilikuwa Juni 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325 tarehe 9 Februari 2022. Mama aliyekuwa na miaka 55 makombora yalipokuwa yakianguka katika komine za Makiso na Tshopo, leo amekwisha kufika 80. Akiwa anakaa komine ya Lubunga, kwenda ofisi ya FRIVAO ni kuvuka mto kwanza. Amtume nani kama si mwanawe?

Wapo wanaosema kumpelekea mzazi karatasi ya prokirasyo ni kumtabiria kifo. Wengine wanahofia mtoto atakula pesa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake inajulikana: mzee atie sahihi mbele ya notari, watoto wote wakijua, na hati itaje kazi moja tu, kupokea fidia, si kuuza kiwanja.

Shida kubwa iko kwingine. Uwakala Kongo unatawaliwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold II. Uwakala unakoma aliyeutoa akifa. Unakoma pia mahakama ikitamka kwamba hana tena akili ya kusimamia mali yake. La kifo naliafiki, kwa kuwa hapo warithi wanaingia, na Sheria ya Familia ya 1987 inawaweka watoto mbele. Lakini mzee aliyepotewa na kumbukumbu yu hai! Anakula, anahitaji dawa. Alipokuwa timamu alimchagua binti yake. Sasa kaka mwenye tamaa anakwenda mahakamani, anaomba mama atangazwe hajiwezi, na siku mahakama inapokubali, hati ya binti haina kazi. Neno la mama linafutwa wakati hana uwezo wa kulisema mara ya pili. Huu ni ulinzi gani?

Wabelgiji waliotuachia dekreti hii wamekwisha kujirekebisha kwao. Sheria yao ya tarehe 17 Machi 2013 inamruhusu mtu kuandika na kusajili uwakala angali timamu, nao unaendelea akili ikimtoka. Ufaransa ilifanya vivyo hivyo mwaka 2007. Bunge letu liliifungua Sheria ya Familia mwaka 2016, likairekebisha, likaifunga, na dekreti ya 1888 ikabaki inawaongoza wazee wetu. Zaidi ya miaka 130! Wabunge wa mkoa wetu wa Tshopo wanasubiri nani awaandikie pendekezo?

Nayo FRIVAO isijifiche nyuma ya Bunge. Itume maofisa Lubunga na Mangobo, wamlipe mzee mwenyewe nyumbani kwake, mbele ya watoto wake, kabla karatasi yoyote haijahitajika.